Jumamosi Ambayo Baba Mkwe Alikwenda Kutazama Nyangumi

Jumatano, Agosti. Nkende, saa tisa alasiri.

Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi na baridi ya Tarime imeniingia mpaka kwenye vidole. Sindano ya cherehani imenichoma mara mbili. Nimefunika mashine, sare za shule za watoto wa watu zitasubiri. Kuna jambo ambalo nisipoliandika leo litanivimbia kifuani.

Nimetoka kutazama nyangumi.

Najua mtu akisoma hivyo atacheka. Sisi hapa maji tunayoyajua ni ya Mto Mara, na tukitaka kuona mnyama mkubwa tunaye kiboko. Lakini nimekwenda kweli, Jumamosi iliyopita, pwani ya Kenya, ndani ya boti ya watu wanane. Nimerudi na wasiwasi mkubwa kuliko niliokwenda nao.

Nianze na tabia yangu. Mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nayanusa kabla hayajamiminwa kwenye sufuria yangu. Kitambaa nakivuta pande zote mbele ya mwenye duka. Mume wangu, Mwita, anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Sirari, na nimekaa karibu na mpaka kiasi cha kumwona mtu mzima na akili zake akiuziwa kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu. Kwa hiyo Mwita alipokuja na habari za safari, niliyaangalia macho yake kwanza, maneno baadaye.

Alisema mteja wake mmoja, Mkenya mwenye malori, alikuwa amelipia nafasi nne za kwenda kutazama nyangumi, kisha akabanwa na kazi. Nafasi zilikuwa zinaweza kutumika siku yoyote ya mwezi huu, akampa Mwita. Tungekwenda mimi, yeye, baba yake na mama yake.

Hapo ndipo pua yangu ilipoanza kufanya kazi.

Kwa asiyetufahamu sisi Wakurya: mwanamke na baba mkwe wake hawakaribiani. Tunaita ensoni, yaani aibu ya heshima. Sishikani naye mkono, sikai kiti alichokalia, sili mbele yake, na akiwa na neno kwangu hulipitisha kwa mama mkwe au kwa Mwita. Nimeolewa miaka kumi na moja. Neno pekee ambalo mzee huyu wa Susuni amewahi kunipa mwenyewe ni marahaba, na hilo nalo aliupa ukuta. Sasa mtu gani mwenye nia njema anamchukua mzee kama huyo na mkwe wake akawaweka kwenye boti ndogo kuliko sebule yangu?

Halafu zile simu. Tangu mwezi wa saba Mwita alikuwa akipigiwa na wazee wa ukoo, anatoka kupokea nje, karibu na tangi la maji. Mara mbili nilisikia neno ng'ombe. Mara moja nilisikia "upande wa Mugumu". Mwita hafugi na hana biashara yoyote huko Serengeti. Mimi nina mabinti wawili, Robi na Gati, na tangu Gati azaliwe miaka sita imepita. Sina mtoto wa kiume. Sihitaji mtu wa kunifafanulia ng'ombe wa nini wanaohesabiwa na wazee wakati mwanamke hana mtoto wa kiume.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikajiambia, Bhoke, wanakupeleka mbali na ndugu zako ili wakwambie habari ya mke wa pili mahali ambapo huwezi kupiga kelele.

Na kitu kingine. Mwita alisema baba yake ameshikilia iwe Jumamosi. Siyo Ijumaa, siyo Jumapili, Jumamosi hiyohiyo. Mzee ambaye siku pekee anayoifuata ni ya mnada ameipendea nini Jumamosi?

Nilikubali kwenda. Nakiri hapa, sikukubali kwa ajili ya nyangumi. Nilitaka kuwepo jambo litakapotajwa, niwaone nyuso zao.

Siku ya kuondoka mama mkwe akajitoa. Goti. Goti lililomfikisha kanisani Jumapili na kumrudisha kwa miguu likagoma asubuhi ya safari. Nikamtazama, akatazama kuku wake. Hivyo tukaondoka watatu, bila yule mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukaa katikati.

Kwenye basi mzee alikaa mbele nyuma ya dereva, mimi kiti cha mwisho, Mwita akawa anatembea kati yetu kupeleka maji na ndizi. Nairobi tukabadilisha basi, ikawa vilevile. Mpaka pwani hakuna aliyetaja chochote. Ukimya huo nao niliushuku.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukawa ufukweni. Boti ilikuwa ya fibagilasi, ina injini mbili nyuma, na mabenchi mawili yanayotazamana. Ya kutazamana! Na hakukuwa na gati. Unaingia majini mpaka juu ya magoti, ndipo unapanda ngazi fupi. Wenzetu, mke na mume kutoka Nairobi na wazungu wawili wazee wenye darubini shingoni, walipandisha nguo wakaenda wakicheka. Mimi nilisimama pale na kitenge changu. Kupandisha nguo juu ya magoti mbele ya baba mkwe?

Mzee aliliona hilo kabla yangu. Aligeuka akaipa bahari mgongo, akasimama akikodolea macho hoteli zilizo nyuma yetu mpaka nilipopanda. Sikupandisha hata hivyo. Niliingia na kitenge chote kikaloa mpaka kiunoni, nikakaa na baridi saa tatu nzima kwa ajili ya heshima.

Mwita alikaa katikati yetu kama boriti. Mwongozaji, Kahindi, kijana wa huko mwenye ndevu na simu isiyotulia, alitugawia majaketi ya kuokolea akasema wanyama wako maili chache tu, jana wamewaona. Nilimshuku pia. Kila baada ya dakika kumi aliwapigia wenye boti nyingine kuuliza wako wapi, kila mara akasema karibu, karibu tu. Nikasema kimoyomoyo, hii ni ile sabuni ya kwenye boksi la simu.

Mzee kupitia kwa Mwita akauliza swali moja. Alitaka kujua kama mnyama huyo hutoka usiku kula mahindi ya watu. Kahindi akasema hapana, hatoki majini kabisa. Mzee akatikisa kichwa, nadhani kwa mara ya kwanza akamwona nyangumi kuwa mnyama mwenye adabu.

Kisha bahari ikabadilika. Mawimbi yalianza kutunyanyua na kutushusha, na mume wangu, mtoa mizigo shupavu wa Sirari, akawa wa kwanza kutapika. Kahindi akampeleka mbele penye upepo. Kati yangu na baba mkwe pakabaki benchi tupu.

Nikaangalia kulia, yeye akaangalia kushoto. Tungeweza kukaa hivyo mpaka jioni.

Lakini naye alikuwa anaumwa. Niliona mkono wake ukitafuta mahali pa kushika. Akainama upande wa nje, boti ikainuka, na miguu yake ikaachana na sakafu. Kahindi akapaza sauti kutoka mbele, "Dada, mshike babako!"

Nilimshika.

Nilimkamata kwa mikono miwili, mmoja kwenye mkanda wa jaketi na mwingine kwenye paji la uso, kama ninavyomshika Gati akiugua. Ngozi yake ilikuwa ya baridi. Alitapika, nami nikamshikilia. Miaka kumi na moja ya ensoni ikaishia pale, mbele ya wazungu wenye darubini.

Ndipo watu wakapiga ukelele upande wa pili. Wote walikimbilia kule, boti ikalala kidogo, simu zikainuliwa. Nyangumi alikuwa ametokea, tena na mtoto wake, lakini ubavu wa kule. Mimi na mzee tuliona migongo ya watu. Tulichopata ni sauti. Pumzi moja nzito, ndefu, kama ya fahali zizini asubuhi ya baridi, lakini kubwa kuliko fahali yeyote niliyemsikia. Nilishtuka mpaka nikamkaza zaidi.

Mzee akatulia kusikiliza. Alipojifuta mdomo hakugeuka kuniangalia. Akayatazama maji, akasema kwa Kikurya, taratibu, akiwa kama anayaambia maji:

"Leo wazee walitaka twende upande wa Mugumu kumwona binti. Mimi ndiye wa kutoa ng'ombe, nisipokuwepo hakuna safari. Nikawaambia sipo, nakwenda kutazama nyangumi."

Nilibaki nimeushika mkanda wa jaketi lake. Sikuwa na haki ya kumjibu. Akaendelea:

"Nyumba ya mama Robi haijanikosea."

Basi. Akautoa mkono wangu polepole kwenye paji lake, akasogea mpaka mwisho wa benchi. Nami nikasogea mwisho wangu.

Mwita alirudi na uso wa kijivu akatuonyesha video ya mkia. Nikautazama, nikasema ni mkubwa. Moyoni nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira, na nilikuwa na aibu. Safari nzima nilimshuku mzee. Niliamini ananipeleka mbali ili animalize, kumbe alikuwa amekuja kujificha baharini, mtu asiyejua kuogelea, kwa ajili yangu. Hakuweza kuniambia nyumbani kwa sababu mila haimruhusu. Ilibidi atapike kwanza.

Jambo la kuguswa kwake amelimaliza kimya kimya. Tuliporudi alichinja mbuzi wa kutusafisha huko Susuni, wazee wakaambiwa ni shukrani ya safari. Mimi nilipelekewa bega. Sikuuliza, nililipika.

Ningeweza kuishia hapa na kulala vizuri. Lakini leo asubuhi mzee amekuja.

Alishuka kwenye bodaboda, akakaa nje kwenye kigoda, mgongo mlangoni, kama ilivyokuwa kabla ya bahari. Nikamsalimu shikamoo kutoka ndani, akaupa marahaba ukuta. Nikaweka chai kwenye stuli nikarudi nyuma ya pazia. Mwita alikuwa ameshakwenda Sirari, na mzee anajua saa ambayo Mwita hutoka. Kulikuwa na kuku wangu mwekundu anadonoa pale miguuni. Mzee akamwambia kuku:

"Wamepanga Jumamosi nyingine. Bahari siwezi tena, tumbo langu limekataa. Sasa mwenye kukataa awe yule anayelala humu ndani."

Akamaliza chai, akainua fimbo yake, akaondoka.

Nimekaa na maneno hayo tangu saa nne. Mwanzoni niliogopa Jumamosi. Kisha nikaanza kukumbuka zile simu karibu na tangi la maji. Nilisikia ng'ombe, nilisikia Mugumu. Mwita huongea kwa sauti, ukimpigia kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka, utamsikia bila simu. Miezi miwili ya simu, na sijawahi kusikia hata mara moja neno hapana.

Mzee wa miaka sabini na zaidi amepanda mabasi mawili, amevuka mpaka, ameingia kwenye maji yanayomtisha, ili apate kusema sipo. Mwanawe alikuwa wapi? Alikuwa mbele ya boti anapiga video.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisema methali hii mara nyingi nikimfikiria mama mkwe na goti lake, na bado simwamini mama mkwe. Lakini nguo niliyopaswa kuikung'uta kwanza ni hii ninayoifua kila Jumapili na kuipiga pasi.

Labda namwonea. Labda alikataa kwa sauti ya chini. Labda aliona aibu kunieleza, labda wazo la kwenda Jumamosi lilikuwa lake akampa baba yake asifiwe yeye. Nayaandika haya yote ili nisije nikasema sikumpa nafasi.

Atafika saa kumi na mbili. Watoto nimewapeleka kwa dada yangu. Nimemwekea kiti mbele ya changu, karibu, magoti kwa magoti, kama mabenchi ya ile boti. Kati yangu na yeye hakuna ensoni, hakuna mila ya kumruhusu autazame ukuta. Nitamuuliza swali moja tu, na nikishaliuliza nitanyamaza mpaka nisikie anavyovuta pumzi.

Baba yako alikataa. Wewe ulisema nini?