Nguzo Yangu ya Mwerezi

Jumanne, 28 Oktoba 1986

Sanduku langu la barua halijawahi kuangushwa. Barabara nzima wanalionea wivu!

Uongo. Naandika mwenyewe, nasoma mwenyewe — namdanganya nani? Kila mwaka theluji ikija, Ahti Kangas anapita na lori la ofisi ya barabara la kusukuma theluji, na sanduku langu, lililo juu ya nguzo kando ya barabara, linalala shambani, mdomo wazi kama mlevi. Dukani wananicheka. Hilja muuza duka kasema nipande masanduku mawili, labda moja litachipua theluji ikiyeyuka.

Basi leo nimewakomesha. Nguzo mpya ni bomba la chuma, nimelijaza zege hadi juu, nimelizika chini kabisa. Halafu — hapo ndipo raha — nikalivika magome ya mwerezi. Ukipita unaona nguzo ya mti, kama ya kila mtu. Nyundo yangu kubwa ingenisaidia, ila Ahti aliiazima kiangazi avunjie msingi wa banda lake. Kitu kikienda kwa Ahti kimehamia.

Alhamisi, 4 Desemba

Theluji usiku kucha. Asubuhi, mshindo! Nikachungulia — sanduku limesimama. Nikapiga makofi, mzee mzima, na suruali ya kulalia.

Kisha nikaona lori. Limelala ubavu mtaroni. Ahti amekaa kwenye theluji, ameshika bega, anaitazama nguzo yangu kama mtu aliyezabwa kofi na mtoto.

Nikamfunika blanketi. Hadi gari la wagonjwa linafika nimesimama kati yake na nguzo.

Ijumaa, 5 Desemba

Bega limevunjika.

Pale jembe la theluji la lori lilipogusa, gome lilibanduka, chuma nje. Nimetoka alfajiri na waya, nikafunga gome jingine. Vidole ganzi. Baadaye bwana wa ofisi ya barabara kaja, hakushuka hata garini, baridi. Akauliza nguzo ni ya nini. Nikasema mwerezi. Akaandika mwerezi. Akasema mwerezi haupindui lori. Dereva alisinzia, au alikunywa.

Nikamwambia Ahti hanywi kazini. Nikajiona mtu mwema kwa kusema hivyo. Pumbavu.

Jumamosi, 6 Desemba

Ahti kaja sauna kwangu, kuoga mvuke. Sisi Wafini, hata mfupa ukivunjika, Jumamosi ni Jumamosi. Nikamsugua mgongo, maana mkono wake hauendi. Mweusi, toka begani hadi kiunoni. Nikatafuta mzaha. Sikupata hata mmoja.

Kasema Jumatatu anaitwa ofisini, lori atapewa mwingine. Hilo hakulilalamikia. Kilichoniua ni alichosema baadaye, polepole, macho kwenye mawe ya moto.

"Nguzo za mwerezi nimezivunja maisha yangu yote, Waino, lori halitikisiki. Labda nililala kweli. Labda uzee ndio huu."

Nikamwaga maji kwenye mawe. Mvuke ukajaa, nisiuone uso wake. Au asiuone wangu.

Jumapili, 7 Desemba

Impi, mke wa Ahti, kaniletea mkate wa nyama. Shukrani kwa lile blanketi! Nimeuweka chini ya meza. Mbwa kala.

Nimemaliza mchana mzima nikiizunguka simu kama paka na maziwa ya moto. Mwisho nikapiga. Nilitaka kuyatapika yote kwa mkupuo. Badala yake nikasikia mdomo wangu unadai vifaa.

"Ahti, ile nyundo yangu kubwa unayo tangu kiangazi. Naiomba leo. Kuna kipande cha nguzo nataka ukipeleke ofisini kesho."

Kwa mbali nasikia Impi anaosha sahani.

"Mwerezi hukatwa kwa shoka, mzee," akasema. "Nyundo ya nini?"

Nikaitazama nguzo dirishani. Sahani zimenyamaza — Impi anasikiliza.

Nikamwambia ni nyundo yangu. Niletee tu, Ahti.