Telesphor, Aliyeandikwa "Hakuwepo"

Mwaka umetimia sasa, Baba Elinaja, tangu Jumanne ile ya tarehe 12 Novemba, Bwana alipokuita ukiwa kwenye kiti chako kando ya dirisha, hapa Woolwich. Chakula changu ulikuwa umekifunika kwa sahani. Kilikuwa bado na joto nilipofungua mlango.

Nilikuwa darasani. Wanaonifahamu wanajua kwamba niliishia darasa la nne, na kwamba nilirudi kushika kalamu nikiwa na miaka sitini na moja. Wasichojua ni kwamba nilikwenda kwa ajili yako. Nilitaka niweze kuandika barua moja tu iliyonyooka, kwa mkono wangu. Kila Jumanne na Alhamisi ulinisindikiza hadi kituo cha basi, ukaniweka sawa kola ya koti, ukasema, "Nenda, mwanafunzi. Ukichelewa mwalimu atakuchapa." Jioni nyingi ulinisubiri. Ile moja hukuweza.

Ulikuwa mlinzi wa duka kwa miaka kumi na tisa, na hukuwahi kumkamata mtoto aliyeiba bila kumuuliza kwanza kama amekula. Viatu vyako uliving'arisha hata siku ya mapumziko. Mama Poonam wa ghorofa ya tatu bado anaweka mfuko wake wa mchele chini ya ngazi kwa mazoea, kisha anakumbuka, anaubeba mwenyewe.

Kila Novemba, wazee wa Kiingereza wa hapa walipovaa nishani zao kwenda kuwakumbuka wenzao waliokufa vitani, wewe ulikaa ndani. Elinaja alipokuwa mdogo alikuuliza, kwa Kiingereza chake, kama baba naye alipigana vitani. Ulimjibu kwamba ulikuwa mbali.

Mimi uliniambia. Vita vya Kagera vilipokwisha, ulipewa ruhusa ya siku tatu kupeleka mfuko wa rafiki yako marehemu Athumani kwao Kondoa. Ulimkuta mama yake hana mtoto mwingine wa kiume wa kusimamia msiba. Ukakaa. Ulichota maji, ukapasua kuni, ukapokea wageni mpaka matanga yalipoanuliwa siku ya saba. Huku nyuma, siku ya kuvishwa nishani, jina lako liliitwa mara tatu na hakuna aliyeitika. Kwenye kumbukumbu zako za jeshi likaandikwa neno moja: hakuwepo. Nishani zako mbili hazikuingizwa.

Kwa miaka arobaini hukudai kitu. Ulisema huwezi kuufanya msiba wa Athumani kuwa utetezi wako. Lakini moyo ulipoanza kukusumbua, ulinishika mkono. "Chuma sikihitaji, Adelina. Wafute tu lile neno."

Nilisali rozari, kisha nikatafuta shahidi. Ulikuwa umeshazikwa wiki sita nilipompata Nusra, dada yake Athumani, kwa simu. Nilimtajia jina lako.

"Wifi," akasema, "huyo ndiye aliyekaa mlangoni kwetu. Mama alimwita mwanangu mpaka anakufa."

Kumbe mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameandika barua kuomba uongezewe siku. Barua yenyewe haikufika, lakini nakala mama yake Athumani aliitunza sandukuni pamoja na mfuko wa mwanawe. Nusra aliapa mbele ya hakimu, akanitumia hati ya kiapo pamoja na nakala hiyo.

Barua yangu niliiandika kwenye meza ya jikoni, mara sita. Mwalimu alitaka kunisaidia, nikamwomba aniache nikosee mwenyewe. Niliandika kwamba hukutoroka. Ulikuwa umekaa na mama wa askari mwenzako. Nikaiombea, nikaituma makao makuu ya jeshi, nikangoja. Nyumba hii ni kubwa mno kwangu sasa. Nimejifunza kusoma vizuri, na sina wa kumsomea.

Jibu lilikuja Septemba. Neno limefutwa. Mahali pake pameandikwa kwamba ulikuwa msibani kwa askari mwenzako, na nishani zote mbili zimeingizwa. Niliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya kiti chako, tangu tarehe hadi muhuri. Nilipomaliza, nilikaa kidogo, kama vile ungeniambia kitu.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, kutakuwa na misa yako. Padri atasoma majina ya marehemu wetu. Likifika lako, usiwe na wasiwasi, halitaitwa mara tatu. Tutasimama na kuitika mara ya kwanza. Elinaja ameshajifunza neno la kuitika, na amelisema kwa Kiswahili.

Tunaokukumbuka ni mkeo Adelina. Wanao Kelvin na Elinaja. Mdogo wako Lambert wa Bukoba. Dada yako Nusra wa Kondoa. Mama Poonam na majirani wote wa ngazi yetu.

Raha ya milele akupe Bwana. Hatutakusahau kamwe, Baba Elinaja. Ulikuwepo.