Samaki Waliofika Elerai

Elerai, Arusha
Desemba 1996

Mwanangu Lemburis,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujaanza kusoma. U mzima? Kile kikohozi cha upepo wa bahari kimekuacha? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Baba yako goti linamsumbua mvua ikinyesha, lakini kugombana na mbuzi hajaacha. Mimi ni mzima mwili tu, moyo haujatulia.

Unajua tangu upate hiyo kazi ya kulinda kisiwa huko Tanga nakuombea kila Jumapili utoke majini. Baba yako hucheka, ati mtoto ameacha mlima wote huu akaenda kuchunga kasa. Namjibu kwamba siku hizi wazungu wanapanda ndege kuja kumwona kasa akitaga, na vijana wote hapa mjini wanataka kazi kwenye kampuni za utalii, kwa hiyo anyamaze. Lakini tangu uandike kwamba mmewakamata wale wavuvi wapiga baruti waliokuwa wanawafukuza wageni wenu, na kwamba Januari utasimama mahakamani useme uliyoyaona, nalala usingizi wa mang'amung'amu.

Sasa sikiliza. Juzi alikuja kijana mmoja mpole, shati limepigwa pasi. Akaniamkia, shikamoo Mama Lemburis, akasema anatoka Tanga, ni rafiki yako, na umempa samaki atuletee. Boksi zima na barafu yake. Mwanangu, mtu akileta salamu za mtoto wako utamwacha mlangoni? Nikampa kiti cha baba yako. Nikampa loshoro yetu ya mahindi na maziwa ya mgando, akanywa mpaka akalamba kikombe, akanitania kwamba sasa ameelewa kwa nini unapakumbuka nyumbani. Tukaongea sana. Alipoaga akasema, mama, ukimwandikia mwambie samaki wamefika, mwenyewe ataelewa.

Sisi na samaki wapi na wapi. Nikamwita Skolastika, yule jirani Mchaga anayeuza samaki sokoni, aje anionyeshe kuwapaa. Akaja na maneno yake, ati Mwarusha anashika samaki kama ameshika nyoka. Akapasua wa kwanza, akamsogeza kwenye mwanga. Akapasua wa pili. Ngozi nzima, haina hata alama ya ndoana, lakini ndani uti wa mgongo umevunjika vipandevipande, damu imeganda. Akaweka kisu chini, akaniuliza hawa umeletewa na nani, Mama Lemburis? Hawa hawakuvuliwa. Hawa wamelipuliwa.

Hapo hata mimi nisiye na shule nikaelewa. Wewe huwezi kunitumia samaki wa baruti. Tuliwafukia nyuma ya zizi, baba yako nikamwambia wameoza.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Yule kijana aliniuliza Krismasi unakuja lini. Kwa furaha nikamwambia yote: siku, basi, na kwamba ukishuka hupiti barabarani, unakata njia ya kwenye mibuni, peke yako. Nilimwambia huku nacheka, mwanangu. Ni mimi niliyemwonyesha njia.

Kwa hiyo usije. Mimi niliyekuwa nakuombea utoke majini, leo nakwambia kaa hukohuko majini, lala walipo wenzako, na wakubwa wako waonyeshe barua hii. Ya mahakama sikwambii useme wala sikwambii unyamaze. Mungu akuongoze, maana nikikuongoza mimi nitakwambia ukimbie.

Na mtu yeyote akija na salamu zangu, hata kama analijua jina langu na anaijua nyumba yetu, muulize jina la yule ng'ombe uliyemlilia mwaka ulioanza shule. Asipolijua, usipokee kwake hata maji. Anza na huyuhuyu Philemoni wa kanisani anayekuletea barua. Nimemnong'oneza sikioni. Hapa siliandiki.

Baba yako anakusalimu sana. Anamnenepesha mbuzi wako wa Krismasi, kila asubuhi anampapasa mgongo. Sijui nitamwambia nini.

Ni mimi mama yako,
Anyesi