Diski Yenye Njaa

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa ukikilalamikia kwenye simu sasa kinakuacha ulale. Sisi hapa hatujambo. Mama ni mzima kupita kiasi: tangu juzi anaimba akiwa kwenye cherehani, na sauti yake unaijua.

Kinachomwimbisha ni ile kompyuta yake iliyokufa miaka minne iliyopita, wiki uliyoondoka kwenda chuo. Hakuwahi kuitupa. Aliifunika shuka kama mgonjwa, na michoro yote ya darizi aliyoibuni tangu tukiwa wadogo ikabaki humo ndani. Mteja akiulizia maua yake ya zamani, humwambia yameisha, kisha huinamia kola na vifungo.

Juzi nilimwita Fundi Bisibisi, yule wa duka la kona anayejibu swali kwa swali. Akasema kompyuta yenyewe ni ya kuzika, ila diski iliyomo anaweza kuitoa na kuiunganisha na laptop yangu kwa waya wa USB, kama flashi kubwa tu. Akaiunganisha. Ikalia tik, tik, ikanyamaza. Mama akageuza uso. Fundi akacheka.

"Mama, hii haijafa. Ina njaa."

Akaeleza kwamba diski kubwa kama ile haishibi umeme wa USB peke yake. Akaiweka kwenye kasha lenye waya wake wa kuchomeka ukutani, nayo ikaanza kuvuma.

Hapo laptop ikauliza kama tunataka kuifomati. Unamjua Mama, ukimuuliza kwa adabu hujibu ndiyo. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Nilimdaka mkono, mimi, mkono wa Mama! Fundi alishusha pumzi, akasema ile ndiyo moja ingefuta kila kitu. Diski si tupu, ni kasha tu lisiloelewana nayo. Akatoa kasha jingine mkobani. Safari hii michoro ikajipanga kwenye kioo, mia sita na kumi na miwili, na Mama akaisoma majina mmoja mmoja kama anayeita watoto waingie ndani.

Sasa dada, kama umesimama, kaa.

Mchoro wa mwisho haukuwa wa Mama. Ulikuwa na jina langu, na tarehe yake ilikuwa siku mbili baada ya wewe kuondoka, Mama akiwa amekusindikiza chuoni. Aliitazama tarehe, akanitazama mimi, akauliza taratibu:

"Siku hiyo nyumbani alikuwepo nani?"

Si magemu yako uliyoyajaza humo yaliyoiua, dada. Ni mimi. Nilikatazwa kuigusa, nikaigusa, kwa sababu nilitaka nami nibuni ua langu. Nilikuwa nimeshalihifadhi niliposikia lango likifunguliwa, nikachomoa waya ukutani badala ya kuizima. Haikuwaka tena. Mama aliposema ni yale magemu yako, nilinyamaza. Ulipolia kwenye simu, nilinyamaza. Mimi huyu ninayeandika insha za maadili na kupewa alama za juu, nimekuachia kosa langu ulibebe miaka minne, na kila likizo ulipotaniwa nilicheka pamoja na wengine.

Nilingoja kufokewa. Mama akalifungua lile ua: petali kumi na tatu, mfano wa kaa aliyekanyagwa. Alicheka hadi akashika meza, nami nikacheka huku machozi yananitoka, na kifua changu kikawa chepesi kiasi cha kuniogopesha. Kisha akasema yeye atakupigia kukuomba radhi kwa upande wake, lakini mimi nikuandikie kwa mkono wangu.

Ndiyo maana amekaa hapa kando yangu na bahasha. Anasema haifungi mpaka alione neno lenyewe, si nilizunguke.

Nisamehe, dada.

Ameliona. Anakusalimu sana, na anauliza utakuja lini uyaone maua.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekupenda.