Machozi Yalikuwa ya Kitabu

Baba,

Samaki yumo chunguni, wali nimeufunika kwa kawa. Mbuzi usisahau kumnywesha.

Asubuhi uliponiuliza kama namtaka Mohdhar, mtoto wa ami, nilinyamaza na machozi yananitoka. Ukasema, "Mwari akinyamaza ndiyo ameridhia." Sikuridhia! Nilikuwa namlilia mama aliyefiwa na mwana katika riwaya uliyoniletea kutoka Mombasa. Kitabu kitamu, mpaka bintiye anapoozwa asiyemtaka, tukaambiwa ni kudra. Kudra gani, na baba yake na ami yake ndio waliopanga wakinywa kahawa?

Naenda Chovae kwa bibi, nafuatana na shangazi Kulthumu. ~~Nitarudi Ijumaa.~~ Nitarudi ukishamkatalia Mohdhar.

Nimechana kalenda yako ya Kitaliano, sikupata karatasi nyingine. Kadhi akiuliza kama nimenyamaza, msomee hii.

Binti yako,
Barke