Mwavuli wa Korongo

3 Machi

Binti yangu,

Hujambo huko porini? Sisi wazima. Mimi siku hizi ni mtu mashuhuri. Kila Jumapili naonekana kwenye televisheni, na mtaani wananipisha njia.

Haya, nimedanganya. Sionekani, nasikika. Na hawanipishi, wananicheka. Nilimwambia fundi viatu kwamba yule kiboko anayekoroma kwenye kipindi chako cha wanyama ni mimi, ulinirekodi nimelala kwenye kochi, kwa sababu kamera yako inaona mbali lakini haisikii mbali. Akasema kiboko ana sauti nzuri kuliko hiyo.

Mama yako anakusalimu. Kifua bado kinambana, ila mdomo haujambo. Anasema mimi nimeingia kwenye televisheni kwa kulala, yeye alitoka jasho pale jikoni, akifungua na kufunga mwavuli mweusi mpaka wewe ukaridhika kwamba mlio wake ni wa mabawa ya korongo. Anauliza korongo wake atatoka lini kwenye televisheni. Nimemwambia atatoka ukija. Basi njoo, usinitie aibu.

Baba yako,
Kiboko


21 Machi

Baba,

Shikamoo, na mama mpe yake. Natumaini kifua kimeachia kidogo. Mimi mzima, mgongo tu. Tunashinda juu ya jukwaa la mbao tukisubiri vifaranga wa korongo waruke. Mmoja ameanguka kutoka kwenye kiota. Mpiga picha mpya alitaka kumrudisha, nikamkataza. Kazi yetu haitaki mkono wa mtu. Tukampiga picha mpaka akanyamaza.

Wakubwa wameniongezea mkataba. Siwezi kuondoka kabla hawa wengine hawajaruka. Mwambie mama anisubiri.

Binti yako


9 Juni

Baba,

Shikamoo. Hali sijui niiulizeje.

Ujumbe wa msiba uliletwa na dereva wa chakula, mama akiwa ameshazikwa. Nilimshukuru, nikapanda jukwaani. Siku ile vifaranga waliruka. Picha zote nilizipata.

Baadaye, studio, nilisoma maneno ya kipindi bila kukosea. Mhariri akasema hii ndiyo kazi yangu bora. Korongo alipita kwenye skrini, mabawa yanapiga, nami naeleza wepesi wa mifupa yake. Nilijua mlio ule ni mkono wa mama. Nikaendelea kusoma.

Sijalia, Baba. Nimejaribu. Ni kama fizi baada ya sindano ya kung'olea jino: nagusa, sisikii.

Kuja naogopa. Nitaingia jikoni nikiwa hivi hivi.

Binti yako


17 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Mimi hali yangu ya kawaida, na hiyo kawaida ndiyo inayonishangaza. Nakula, nanyoa ndevu. Nalala fofofo, nakoroma, na hakuna wa kunipiga kiwiko. Waliokuja kunipa pole walinikuta natengeneza bawaba ya mlango, wakanong'onezana. Basi tuko wawili, ganzi baba, ganzi binti. Njoo hivyo hivyo ulivyo, mlango sasa unafunguka vizuri.

Korongo nilimtazama na fundi viatu. Unaongea wewe mtoto. Mwanzo mpaka mwisho, mifupa, mifupa. Nilibandika sikio kwenye spika ndipo nikausikia mwavuli, chini kabisa ya maneno yako. Fundi akaniuliza kama nimeanza uziwi.

Tena mmekata mwisho wa ule mlio wa mwavuli. Pale mama yako aliposema, "Mkono umechoka, mwanangu, ndege wako atue sasa." Mashine ya kurekodi ilikuwa haijazimwa, maana ulicheka ukasema sauti hiyo hutaifuta, ni yako mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mimi nilikukoromea bure, ukaniahidi kunipa chochote nitakachoomba. Naomba kipande hicho. Usikitume, mimi na hizo mashine hatuelewani. Kilete wewe, tukae pale jikoni. Na kikianza, tafadhali, usiongee juu yake.

Baba yako,
Kiboko