Kikombe Ulichoniita Nionje

Shangazi yangu uliyelala kaburini Mpwapwa,

Wenzangu wa chuo hunicheka kwamba sijui pombe. Gongo niliijua kabla sijajua kugawanya. Sukari guru ya miwa ilitoka upande wa Kilosa, nawe uliipasua kwa shoka, ukailoweka kwa maji na hamira ndani ya pipa mpaka ikatokota yenyewe bila moto. Ndipo ukawasha kuni, mvuke ukapita kwenye bomba la shaba lililozamishwa kwenye maji baridi, na tone likafuata tone. Matone ya kwanza uliyamwaga.

"Haya hupofusha watu," ulisema.

Na hukumuuzia mtu kabla hujaonja mbele yake. Mzee mmoja jirani alizoea kukutania: "Leo umeonja sana, mama. Sisi tutabakiwa na nini?"

"Utabakiwa na macho yako. Kunywa unyamaze."

Kisha biashara zikawa ruksa nchini, ingawa gongo ilibaki marufuku, kila mtu akawa mfanyabiashara. Baba, mdogo wako, alikuwa utingo wa lori. Mchana mmoja alikuja na dumu la spiriti ya kiwandani.

"Dada, achana na mapipa. Hii unachanganya na maji tu. Moto hakuna, askari hawaoni moshi."

Ulimimina kikombe, ukamsogezea. "Onja."

"Nina safari."

"Kidogo tu."

"Muuzaji ni wewe bwana, onja wewe!"

Wateja wakaangua kicheko. "Kauogopa mzigo wake mwenyewe!"

Hapo ukaniita, mimi niliyekuwa nachochea kuni. "Njoo, mama. Baba yako katuletea kitu kizuri. Onja."

Nilikuja kwa sababu uliniita, nikachuchumaa miguuni penu. Kikombe kilinuka kama rangi ya milango. Nilimtazama Baba, yeye aliwatazama wateja. Nilikipandisha. Aliacha kikanigusa mdomo, Shangazi. Aliacha. Ndipo akakipiga teke, na ukingo wa bati ukanipasua mdomo.

Ulimrukia kabla damu haijafika kidevuni. Alilichomoa bomba la shaba, likiwa bado la moto, akakupiga nalo begani, kichwani, kisha mkononi, na mfupa nikausikia. Ulimng'ata shavu ukang'ang'ania. Alipokutikisa ukaanguka, ukalipindua dumu kwa mguu, spiriti ikatambaa hadi kwenye makaa. Moto wake haukuonekana vizuri juani. Tulijua umemfikia alipoanza kupiga kelele na suruali yake ikawa nyeusi. Wanaume walimzima kwa magunia. Wewe ulikuwa umekaa chini, mkono umelegea, na ulikuwa unacheka.

Kicheko kile ndicho nilichokuja kukichukia, hata kuliko bomba.

Baba anasema mpaka leo kwamba alikuwa anatania, kwamba alijua spiriti ile haina madhara. Huku anajikuna kovu la shavuni. Mama yangu anasema ulinipenda, usingeniacha ninywe hata tone. Kila mtu ananipa jibu la kunituliza, na hakuna aliyewahi kulifikiria kabla ya kulisema.

Mwezi uliopita, njiani kwenda Ipagala, mwanamume alinivuta mkono kwa nguvu. Niliokota jiwe nikampiga nalo. Aliniachia. Nikaendelea kumpiga. Alikuwa ameshajikunja, anasema "basi, dada, basi," nami nilimwona vizuri, nikampiga tena. Watu waliponishika nilikuwa nimefurahi. Sijamwambia mtu neno hilo, kufurahi. Nakwambia wewe.

Ulinisafisha mdomo jioni ile ya moto kwa mkono wako mmoja, mwingine umefungwa vijiti. Nilikuuliza: "Asingekipiga teke, ungeniacha ninywe?"

Ulisugua kitambaa kwenye maji ya chumvi muda mrefu.

"Nilitaka kumwona akivunjika," ulisema. "Sijui, mwanangu. Sijui kama ningekushika."

Niliililia kauli hiyo miaka mingi, nikitamani ungenidanganya. Leo Baba yupo hai, nyumba yake iko Nzuguni, naweza kumfikia kabla ya chai. Lakini nina jambo la kumweleza mtu asiyenituliza, ndiyo maana barua nimeiandika kwako.

Pumzika, wala usinijibu kwa upole.

Binti wa mdogo wako